Kadi za Mlango wa Taa Nyekundu

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja mwaka ule mama alipokatwa titi la kushoto, na shida zangu zote zilianzia hapo. Nasema hivyo wazi kwa sababu watu wa rika langu tumezoea kusema "aliugua yale magonjwa" halafu tunanyamaza. Mama yangu alikuwa na saratani. Walimkata, wakamshona, na kidonda kilipopona wakamwambia bado kazi haijaisha: apande hospitali kubwa siku tano kila wiki, kwa wiki tano, akapigwe miale.

Nimeyakumbuka kwa sababu wiki iliyopita mjukuu wangu alitoka vidonda mdomoni, na mama yake akampaka ile dawa ya zambarau. Haina harufu kali, ni kama wino uliochanganywa na spiriti. Lakini niliposogea kumtazama mtoto ulimi, ikaniingia puani, na mara hiyo nikawa si bibi wa mtu. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye sakafu ya saruji kule Luzira, na kitambaa chenye maji mkononi, naogopa kugusa kifua cha mama.

Tulikaa kwenye nyumba za askari magereza, chumba kimoja na pazia katikati. Baba alikuwa amehamishiwa gereza la mbali huko kaskazini, tunamwona akipata likizo. Mdogo wangu aliachwa kwa jirani. Mimi ndiye mtoto wa kwanza, tena msichana, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza. Nilitolewa darasa la nne katikati ya muhula nimsindikize mama, na sikurudi tena. Sililii hilo. Nawaambia tu ili mjue anayeandika hapa ni mtu wa namna gani.

Asubuhi tuliomba nafasi kwenye lori la magereza lililokwenda mjini. Dereva alimweka mama mbele, mimi nyuma kwenye magunia matupu. Lilitushusha barabarani, tukamalizia kwa miguu. Mama alipanda kile kilima amebana mkono wa kushoto ubavuni, kama mtu aliyeficha yai kwapani na hataki livunjike. Mimi nilibeba mfuko: kanga, chupa ya maji, posho, yaani ugali wa jana, na kadi yake ya kahawia.

Chumba cha miale kilikuwa chini kabisa ya jengo, kwenye ujia wa baridi uliokuwa ukinuka dawa ya kusafishia sakafu. Kulikuwa na benchi refu la saruji, na mbele ya benchi kuna mlango. Mimi ni mtoto wa Luzira, milango minene siyo kitu kigeni kwangu, lakini ule ulikuwa mnene kuliko lango kuu la gereza. Juu yake kulikuwa na taa nyekundu. Mgonjwa akiingia, mlango unafungwa taratibu, taa inawaka, na ndani unasikia mngurumo mdogo kama nyuki walionaswa ndani ya debe. Halafu kitu kinagonga mara moja, taa inazimika, mgonjwa anatoka anafunga vifungo vyake.

Nilimuuliza mama kama inauma. Akasema hasikii kitu, hata joto. Hilo ndilo lilinitia wasiwasi. Moto usiounguza ni moto gani?

Mwenye kuendesha ile mashine tulimwita Musawo Tito, ingawa alitukumbusha kila siku kwamba yeye si daktari. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, anavaa sweta hata jua likiwa la kuua, na penseli haitoki sikioni. Siku ya kwanza alimchora mama mistari ya zambarau kifuani, ya kuonyesha miale ipite wapi, akatuonya tusiioshe. Tangu siku hiyo kumwosha mama ikawa kazi yangu. Naosha mgongo, naosha shingo, nikifika kwenye mistari nazunguka kama mtu anayepalilia karibu na miche. Mama aliitazama akasema, "Wamenipimia shamba. Imebaki hati tu." Tukacheka mpaka akashika ubavu na kuniambia nisimchekeshe tena.

Sasa nieleze habari ya kadi, maana kosa langu liko hapo.

Mlangoni kulikuwa na trei ya mbao. Ukifika unaweka kadi yako juu ya za wenzako. Musawo Tito akitoka anageuza rundo lote, anaanza na iliyokuwa chini. Kwa hiyo aliyewahi ndiye wa kwanza. Kwenye kila kadi aliandika kwa penseli muda wa huyo mgonjwa, dakika na sekunde. Maneno nilikuwa nayasoma kwa kuchechemea, lakini namba nilizijua vizuri kuliko watoto wote wa darasa langu, na nazijua hivyo mpaka leo.

Wa kwanza kufika kila siku alikuwa Hajati Zamu wa Kibuli, mama mtu mzima wa Kinubi. Akishaswali alfajiri anaanza kutembea, na tukifika tunamkuta amekaa wima kwenye benchi, mtandio wake wa njano umetulia kichwani kama umepigwa pasi juu yake. Ugonjwa wake ulikuwa tumboni, ndani kabisa. Alikuwa na kikapu cha kabalagala, vile vitumbua vya ndizi na muhogo, na kila siku alinipa kimoja kabla sijamwamkia vizuri. Akinikabidhi alikuwa akisema nile haraka kabla Mzee Kasule hajakiona.

Mzee Kasule alikuwa dereva mstaafu, na ugonjwa ulikuwa umemshika kooni. Sauti ilikuwa imebaki mnong'ono, lakini mdomo haukupumzika. Huyo ndiye aliyenipoteza, ingawa hakukusudia. Siku moja, kwenye wiki ya pili, alisema kwamba kaka yake alitibiwa kwenye mashine hii hii miaka miwili nyuma, kwa ugonjwa huu huu wa koo, akakaa humo ndani dakika tatu. Yeye leo anakaa karibu nne. Akainama upande wetu.

"Moto unaisha humo," alinong'ona. "Wameuleta umetumika, na sisi tunaumalizia."

Watu wazima walicheka. Mimi sikucheka.

Lazima mjue tulivyoishi. Redio ya baba ilikuwa inakula betri nne kubwa. Tuliifungulia habari ya saa moja tu, halafu inazimwa, hata kama wimbo mzuri umeanza. Betri zikichoka tunazianika juani juu ya bati zipate nguvu kidogo. Mafuta ya taa ni hivyo hivyo, na sabuni pia. Nilivyolelewa mimi, kitu chochote chenye nguvu ndani yake kinaisha kwa sababu mtu amekitumia. Kwa hiyo nilikaa kwenye lile benchi nikapiga hesabu zangu. Moto unaisha. Kila anayeingia kabla ya mama anakula sehemu. Hajati anaingia wa kwanza, na kwenye kadi yake imeandikwa dakika nyingi kuliko wote. Mama anaingia wa ngapi? Wa sita, wa saba. Anakuta makombo. Na mtu wa saratani akipewa makombo anakufa. Mama mmoja wa kule kwenye nyumba za askari alikuwa amekufa hivyo mwaka uliotangulia, na mimi nilikuwa nimemwona.

Siku iliyofuata nilisema nakwenda kunywa maji. Nilipita mlangoni, nikachomoa kadi ya mama kutoka juu nikaiingiza chini kabisa. Mama akaitwa wa kwanza, akashangaa, akasema leo tuna bahati.

Tulikuwa na bahati hiyo kila siku. Na mimi nikaendelea kujiongezea akili. Nikaona haitoshi mama kuwa wa kwanza leo, kama wale wa dakika nyingi wanakula moto wa kesho yake. Basi nikaanza kupanga rundo zima: wenye dakika chache chini, wenye dakika nyingi juu, waitwe mwisho, labda Musawo atachoka awape kidogo. Hajati aliyetembea kutoka Kibuli gizani akawa anaitwa wa mwisho. Aliendelea kukaa wima. Aliendelea kunipa kabalagala, nami niliendelea kula. Siwezi kudanganya kwamba hakikupita kooni. Kilipita vizuri sana.

Wiki ya tatu, Jumanne, saa sita mchana, umeme ulikatika. Mama alikuwa amemaliza zamani, tulikuwa tumebaki tu tukimsubiri mwenye lori. Wote walikuwa wamepigwa isipokuwa Hajati. Alikaa mpaka alasiri na ujia ukawa mtupu, ndipo Musawo Tito akaja kumwambia aende nyumbani. Jenereta ilikuwa ya chumba cha upasuaji tu. Umeme haukurudi Jumatano, wala Alhamisi, wala Ijumaa. Kwa hiyo sisi wote tulikosa siku tatu, na Hajati alikosa nne.

Jumatatu alikuja ameshikwa mkono na mwanawe. Mtandio ulikuwa ule ule wa njano, lakini alikaa ameegemea ukuta. Jambo hilo dogo, kumwona ameegemea, ndilo lililonivunja. Nilikwenda kwenye trei nikaitafuta kadi yake niirudishe chini, na mkono wa sweta ukanishika kifundo cha mkono.

Musawo Tito hakunigombeza. Alichuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, akauliza ninafanya nini. Nikamwambia yote, bila mpangilio: redio, betri, makombo, Mzee Kasule. Nikamwambia nimekula moto wa Hajati nikampa mama, na sasa Hajati atakufa. Akaniuliza:

"Umewahi kukaanga simsim?"

Nikamwambia mimi ni mtoto wa watu wa Lira, nimekaanga simsim, huo ufuta wetu, kabla sijaota meno ya pili.

"Inapasukaje?"

"Moja moja. Mwanzo kwa fujo, halafu inapungua."

"Punje gani inaanza?"

"Haijulikani."

"Basi ndani ya ile mashine kuna kipande cha chuma kidogo kuliko betri ya redio yenu. Kimejaa punje ambazo hakuna jicho linaziona, na zinapasuka zenyewe. Kila inayopasuka inatupa mwale. Hakuna jiko chini yake, huwezi kukizima. Usiku zinapasuka. Jumapili nikiwa kanisani zinapasuka. Wiki iliyopita umeme haupo, zilikuwa zinapasuka tu, ndani ya sanduku lake zito. Umeme ni wa kukisogeza hicho kipande mpaka kwenye tundu, basi."

Nikauliza, sasa nani anazimaliza?

"Hakuna anayezimaliza. Ikipita miaka mitano na kidogo, nusu imekwisha. Mitano mingine, nusu ya ile iliyobaki. Nikitibu watu mia au nisitibu hata mmoja, ni ile ile. Ndiyo maana naongeza muda kidogo kila mwezi, ili kila mtu apate kiasi chake kamili. Hajati ana dakika nyingi kwa sababu ugonjwa wake uko ndani sana." Akaniachia mkono. "Anachopata mama yako ni kile ambacho kingeishia ukutani."

Nilisimama pale nikielewa pole pole, na kadiri nilivyoelewa ndivyo nilivyozidi kujisikia vibaya. Wengine wangefurahi. Kwamba mama hakuwahi kupewa makombo, wa kwanza au wa mwisho. Lakini mimi nilikuwa nimemwibia Hajati siku yake moja, na mama hakupata chochote humo. Ningeiba kikanufaisha mtu ningekuwa na la kujitetea.

Musawo Tito alisema ameshasikia, sasa nikamwambie mama mwenyewe. Zamu ya mama ilipofika na kwisha, alitoka ndani anafunga vifungo, nikamwambia. Hakunipiga. Alinisimamisha mbele ya benchi lote, akasema nirudie kwa sauti ambayo hata wa mwisho atasikia. Nilirudia. Nilitaka ile sakafu ya saruji inimeze.

Wa kwanza kusema alikuwa Mzee Kasule. Alinong'ona kwamba kumbe ndiyo maana yeye, mtu wa karibu dakika nne, amekuwa wa tisa siku zote hizi, na alikuwa ameshaanza kumshuku Musawo kwamba anawapendelea wanawake. Watu wakacheka. Nami machozi yakanitoka, maana nilitaka wanikasirikie, na wao wanacheka.

Hajati hakucheka. Aliniita nisogee.

"Nilikuona tangu siku ya pili," alisema. "Nikasema, mwache, ana mama mmoja. Lakini Jumanne ile ulinikosea, Atim. Mimi mtu mzima siwezi kukuambia hukunikosea."

Nikasema, ndiyo, Hajati.

"Na kabalagala zangu ulikula."

Nikasema, ndiyo, Hajati.

"Zote," akaongeza Mzee Kasule.

Hapo Hajati akavuta mtandio wake mdomoni, na mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia mpaka nilipoliona jicho.

Mama ndiye aliyetoa hukumu. Alikuwa mke wa askari magereza miaka kumi na mbili, alizijua taratibu. "Kwetu Luzira," aliwaambia, "mfungwa aliyezidi ujanja ndiye anapewa unyapara. Mpeni huyu kadi. Nani mwingine anajua wizi wa hapa?"

Nao wakanipa. Musawo Tito alileta kiti cha miguu mitatu nikakaa kando ya trei, na tangu siku hiyo hakuna kadi iliyoingia pale bila kupita mkononi mwangu. Aliyewahi ndiye wa kwanza. Anayetapika au kushikiliwa anatangulia, lakini nawauliza kwanza wa benchini, na wao wanakubali kwa kuinua kidevu. Walikuja wakubwa na tai zao wakataka kupita mbele, nikawaonyesha mwisho wa benchi. Mmoja aliuliza huyu mtoto ni nani. Mzee Kasule akamjibu kwa ule mnong'ono wake kwamba huyu ni mkubwa wa gereza, akae chini.

Wiki ya mwisho nilianza kuwauzia chai. Hajati ndiye aliyesema watu wanasubiri na njaa, na kwa nini nimekaa mikono mitupu. Alileta kabalagala nyingi zaidi kutoka nyumbani, mama akachemsha chai, nikaanza na lile benchi, nikahamia ujia wa pili, baadaye nikafika mpaka lango la nje. Wanaoniuliza leo nilisoma biashara wapi nawajibu pale. Hawaamini, na siwalazimishi.

Mama alimaliza siku ya Ijumaa. Musawo Tito aliikata kadi yake kwa mstari mmoja wa penseli, akasema sasa anaweza kuoga mwili mzima. Ngozi ya kifua ilikuwa imekuwa nyeusi na kavu, inabanduka kama ukoko wa posho. Jioni ile nilipasha maji, nikampangusa pole pole kwa kitambaa, nikifuata ile mistari mmoja baada ya mwingine. Zambarau haikutoka. Ilihamia kwenye vidole vyangu. Mama alikuwa amefumba macho. Aliniuliza kama niliwahi kufikiri kweli kwamba atakufa. Nikamwambia ndiyo, kila siku, wakati taa nyekundu inawaka. Akasema hata yeye, ila hakutaka nijue, kwa sababu nilikuwa nahesabu kwa midomo na yeye hakutaka kunipotezea hesabu.

Hajati aliongezewa siku zake nne mwishoni, akamaliza. Aliishi miaka mitatu zaidi. Alikuja mara mbili kununua kwangu nilipopata meza yangu ya kwanza, akabishania bei mara zote mbili. Nilikwenda Kibuli kwenye maziko yake nikakaa na wanawake. Musawo Tito alikuwa ameniambia ile Jumanne imelipwa, siku iliyoongezwa inatosha. Huenda. Siku moja ina uzito gani ndani ya miaka mitatu, mimi sijui, na waliosoma niliowauliza wote walinijibu kwa maneno marefu. Kwa hiyo naibeba. Si mzigo wa kuniangusha, lakini naujua ulipo.

Mjukuu wangu mkubwa, anayesomea hayo mambo chuo kikuu, ananiambia kile kipande cha chuma, popote kilipo sasa, kimebakiwa na kidogo sana. Nilimwambia sawa, kilifanya kazi yake.

Leo nina nyumba ya matofali Luzira, juu kidogo ya ziwa. Nina vyumba vinane vya kupangisha Kamwokya. Nina duka la nafaka la jumla na mashine mbili za kusaga. Nina pikipiki tano zinazofanya kazi ya boda, na moja imeharibika. Nina ng'ombe sita Lira. Nina meno yangu yote isipokuwa mawili. Na mama ninaye, chumba cha mbele chenye dirisha kubwa, ana miaka sabini na kitu, na sasa hivi ananiita niache kuandika nikamkune mgongo.